Shajara ya mfuko wa masomo ya sayansi, Lubumbashi

Mwisho wa Julai

Matokeo ya Exétat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yametoka. Poda nyeupe imemwagwa vichwani, honi zimepigwa mpaka usiku, na kwa siku mbili hivi hakuna aliyekumbuka kuwa ni majira ya baridi. Sasa mitaa imetulia na swali la kila mwaka limerudi: huyu mtoto aliyepata diploma ya serikali katika mchepuo wa sayansi, na baba yake anauza makala (makaa ya kupikia) pembeni ya barabara, anakwenda wapi?

Kwa wanaosoma shajara hii kwa mara ya kwanza: sisi ni watu waliosoma sekondari moja ya komini ya Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, ndugu zetu wa Nairobi wasituelewe vibaya), pamoja na walimu wa hesabu wastaafu na mzee mmoja aliyekuwa injinia wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Wengine wetu wako Likasi na Kolwezi, wachache wako Ubelgiji. Tunachanga dola 10 kwa mwezi kwa mtindo wa likelemba, ule mchezo wa kuchanga na kupokea kwa zamu, ila zamu haimrudii mchangaji. Inakwenda kwa mwanafunzi wa sayansi au hesabu ambaye nyumbani kwao hakuna namna. Mimi ni katibu, na ndiyo maana kalamu iko mkononi mwangu.

Kwa nini sayansi tu? Swali hili tunaulizwa hata kanisani. Jibu la mzee injinia huwa fupi: urani ya Shinkolobwe ilitoka mkoani kwetu ikaenda Marekani kutengeneza bomu la atomu, na leo kobalti inayochimbwa Kongo ni karibu asilimia 70 ya ile ya dunia nzima, lakini ukiingia ofisi ya michoro ya mgodi unamkuta mtoto wa Kenya au Katuba akiwa mlinzi wa geti. Huenda anatia chumvi kidogo. Wapo mainjinia wetu, tena wazuri. Ila yeye aliondoka kazini mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliowatoa Gécamines watu zaidi ya 10,000, na alikuwa wa kizazi ambacho kampuni ndiyo iliyowajengea watoto shule. Uchungu wake una historia.

Agosti, uteuzi

Maombi ni mengi kuliko tulivyodhani, na kazi kubwa ya mwezi huu imekuwa kuamua tunapima nini.

Njia rahisi ni kupanga majina kwa asilimia ya Exétat na kuchukua ya juu. Mifuko mingi hufanya hivyo. Sisi tumekataa, na nataka kueleza sababu kwa urefu kwa kuwa baadhi ya wachangaji wamelalamika.

Kwanza, mtihani wenyewe. Kikao cha kawaida ni siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, kisha masomo ya mchepuo. Maswali ni ya kuchagua jibu. Mwenye bahati ya kusoma shule yenye walimu kamili na kitini cha maswali ya miaka iliyopita hujifunza kuchagua. Mwenye kusoma shule ambayo mwalimu mmoja wa hesabu anazunguka madarasa yote huingia mtihanini akiwa hajafika nusu ya programu. Yule akipata 74 na huyu 58, ni nani ana akili ya hesabu zaidi? Asilimia haisemi. Inasema umbali waliofika, haisemi walianzia wapi.

Kwa hiyo mama mwalimu wetu alitunga jaribio la saa mbili, maswali matatu tu, bila majibu ya kuchagua. La kwanza lilikuwa hili: *Chukua namba nzima tatu zinazofuatana, uzizidishe. Onyesha kwamba jibu hugawanyika kwa 6 daima.*

Karibu wote walianza vizuri. Walizidisha 1, 2 na 3 wakapata 6. 2, 3 na 4 wakapata 24. 3, 4 na 5 wakapata 60. Wengi waliishia hapo wakaandika "kwa hiyo ni kweli." Kijana mmoja aliyepata asilimia kubwa kuliko wote alijaribu mifano mpaka akajaza ukurasa, kwa mwandiko safi sana. Lakini binti mmoja wa Katuba, ambaye kwa Exétat angekuwa chini kabisa ya orodha yetu, aliandika mistari minne: kati ya namba mbili zinazofuatana moja ni shufwa, kati ya tatu zinazofuatana moja inagawanyika kwa 3, kwa hiyo zao lao lina 2 na 3 ndani yake, na kwa kuwa 2 na 3 hazina kigawanyo kimoja zaidi ya 1, lina 6. Chini akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kwa namba nne zinazofuatana ingekuwa 24.

Mama mwalimu alisoma karatasi ile, akaiweka juu ya meza, akasema tu, "Huyu tusimwache."

Ziara za nyumbani zilifuata. Hapa sitaandika mengi, maana umaskini wa mtu si wa kuanikwa kwenye shajara. Tulikwenda Katuba, Ruashi, Kampemba, na nyumba moja Kipushi. Jambo moja tu linafaa kusemwa: kwa wasichana, kikwazo cha kwanza hakikuwa pesa. Baba mmoja alitupokea kwa heshima zote, akatupa viti vya kivulini, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama msaada ule ule hauwezi kumpeleka binti kwenye uuguzi badala ya Polytechnique, kitivo cha uhandisi. "Polytechnique ni ya wanaume, papa katibu. Atazeekea kule." Mzee injinia alimjibu kwa mfano wa Thérèse Kirongozi, injinia aliyetengeneza zile roboti za kuongoza magari Kinshasa. Baba akacheka: "Ile roboti ni mwanamke aliitengeneza?" Mama wa nyumba alikuwa amesimama mlangoni muda wote na hakusema neno. Jioni yule baba alitupigia simu kukubali. Nani alimshawishi, najua mimi na mnajua ninyi.

Septemba, ugomvi wa hesabu

Mkutano wa mwezi ulikuwa mrefu na sauti zilipanda. Pesa iliyo mfukoni inatosha kulipa minervali, yaani ada ya chuo, ya wanafunzi kumi na watano, au kuwabeba watano kikamilifu. Wenzetu wa Ubelgiji wanataka kumi na watano. Hoja yao si mbaya: ukimwonyesha mtu picha ya vijana kumi na watano, anachanga. Ukimwonyesha watano, anauliza pesa nyingine imekwenda wapi.

Hoja yangu, na ya mama mwalimu, ni kwamba minervali ndiyo sehemu ya mzigo inayoonekana kwenye karatasi. Inalipwa benki, unapata bordero yenye muhuri, mfadhili anafurahi. Lakini mwanafunzi wa sayansi haishi kwa bordero. Tuliketi na vijana wa mwaka wa pili tukaandika kila kitu walicholipa mwaka wao wa kwanza: uandikishaji, uandikishwaji wa kila kikao cha mitihani, silabusi za maprofesa, bluzi nyeupe ya maabara, kalkuleta ya kisayansi, karatasi za michoro, kuchapisha ripoti za kazi za vitendo, mega za simu, na basi ya kwenda Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, asubuhi na kurudi jioni, siku sita kwa wiki. Ukijumlisha vitu hivi vidogo vidogo, vinaizidi minervali yenyewe. Na chakula hatujakigusa. Mama mmoja wa Ruashi aliyemsomesha kijana wake mwaka mmoja akashindwa alituambia kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Minerval balilipa, aksanti sana. Sasa ile ya kupanda basi, njo nani atalipa?"

Nilileta mfano wa Marekani, si kwa kuwa kila cha kule ni kizuri. Shirika lao la taifa la sayansi, NSF, lina programu iitwayo S-STEM, ya wanafunzi wenye uwezo darasani na kipato kidogo nyumbani wanaosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Programu hiyo haiishii kwenye hundi. Chuo kinachoomba fedha hizo lazima kieleze kitamshika vipi mwanafunzi: mlezi wa kitaaluma, kundi la wenzake, njia ya kumwona mapema anapoanza kuzama. Na chuo kikuu cha UMBC huko Maryland kilianzisha mpango wa Meyerhoff mwaka 1988, ambao huwaita wanafunzi kabla ya mwaka wa kwanza kuanza, ili wasome hesabu pamoja na wazoeane. Watu wenye dola nyingi kuliko sisi wameona kwamba ada peke yake haitoshi. Sisi wenye dola kumi kumi ndio tudhani inatosha?

Kura zilipigwa. Watano, kikamilifu. Kaka yetu wa Brussels alinuna, akachanga hata hivyo. Asante, kaka, najua unasoma.

Oktoba

Watano wameandikishwa: watatu Polytechnique, mmoja hesabu na fizikia, mmoja kemia. Wasichana ni wawili. Kabla ya masomo kuanza walikaa na mama mwalimu alasiri za Septemba wakirudia trigonometria na vikomo vya fonksheni.

Ada inatangazwa kwa dola na kulipwa kwa franka, na kiwango cha ubadilishaji hakitulii. Mweka hazina ameamua kushika akiba kwa dola na kubadilisha siku ile ile ya kwenda benki. Pesa ya basi na chakula inatumwa kwa simu kila Jumatatu, kiasi kidogo. Tulijadili kuituma kwa mwezi mzima, lakini kijana mwenye pesa ya mwezi katika nyumba yenye mgonjwa hana pesa ya mwezi. Hatumlaumu. Tunatuma kila wiki.

Novemba, madini

Mvua zimeanza, na barua yetu kwa kampuni moja ya madini imejibiwa. Jibu ni la kurasa mbili za pongezi.

Tuliandika tukitegemea sheria. Kanuni ya madini iliyorekebishwa, sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inailazimisha kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Tena katika mrabaha wa madini, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini au sekta au utemi wa mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo! Mzee injinia aliposoma neno hilo alivua miwani.

Kampuni ilijibu kwamba ile 0.3 haisimamiwi na kampuni bali na chombo maalumu chenye wawakilishi wa jamii, na kwamba ni kwa jamii zinazoguswa na mradi, si kwa jiji zima. Kisheria wana haki, hilo siwanyimi. Lakini limetufungua macho: katika watano wetu, yule wa Ruashi na yule wa Kipushi wametoka mahali ambapo mgodi ni jirani. Mahali pa kugonga hodi ni kwenye chombo hicho na kwa wawakilishi wa vitongoji, kabla hawajapanga miradi ya awamu mpya. Miradi hiyo kwa kawaida ni kisima, zahanati, vyumba vya darasa. Ni vitu vya lazima. Lakini mtoto wa kitongoji kusoma metalojia miaka mitano ni maendeleo pia, hata kama hayapigwi rangi wala kukatwa utepe.

Ile S-STEM niliyoitaja, sehemu ya fedha zake hutoka wapi? Kwenye ada ya viza za H-1B, ambayo makampuni ya Marekani hulipa yanapoleta wataalamu kutoka nje. Yaani unayemkosa nyumbani ukamleta kutoka mbali, mlipie ili siku moja asikosekane nyumbani. Sipendekezi tuige sheria ya watu. Natamani tu mtu wa bunge la mkoa angelilala nalo usiku mmoja.

Desemba, Jumamosi

Kundi la Jumamosi linaendelea katika darasa tuliloazimwa. Hili ndilo ninalojivunia zaidi katika mradi mzima, na halina picha nzuri ya kutuma Brussels.

Wazo lake ni la zamani. Miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo mwanafunzi wa shahada za juu huko Berkeley, alijiuliza kwa nini wanafunzi weusi walioingia chuo na alama nzuri walianguka kwenye kalkulasi, huku wenzao wenye asili ya Kichina wakipita. Wahadhiri walikuwa na majibu tayari: hawana hamu, wametoka shule mbovu, wazazi hawajali. Aliwafuata wanafunzi wenyewe mpaka wanakoishi na akakuta majibu yale hayashiki. Tofauti ilikuwa kwamba kundi moja lilisoma kila mtu peke yake, chumbani, kwa bidii kubwa. Kundi jingine lilikula pamoja, likasahihishana, likagombana juu ya hesabu. Akaanzisha warsha. Na hapa ndipo wengi huruka: warsha zile hazikuwa za kurudia mambo mepesi. Alitoa maswali magumu kuliko ya darasani.

Mama mwalimu alikuwa akifanya hivyo miaka thelathini bila kumsikia Treisman. Jumamosi iliyopita aliandika ubaoni ufafanuzi wa kikomo (thamani ambayo fonksheni huikaribia) wenye epsiloni na delta, akawaambia waueleze bila kutumia neno lolote la Kifaransa. Nusu saa ya kimya. Kisha yule wa Kipushi akasema: "Wewe unanipa kosa dogo unalokubali. Mimi ni kazi yangu kukutafutia umbali ambao nikikaa ndani yake, kosa langu halizidi lako. Ukipunguza la kwako, natafuta tena." Binti wa Katuba akamkatiza: "Na lazima uweze kila nikipunguza, si mara moja." Wakabishana mpaka mwenye funguo alipokuja kutufukuza.

Umeme ulikatika mara nyingi mwezi huu. Tunamaliza saa tisa mchana ili wasichana wafike nyumbani kungali na mwanga. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu) vinapikwa na mama mmoja mchangaji, na wachangaji wanaodhani chakula ni anasa katika mfuko wa sayansi waje Jumamosi moja waone kundi likiwa na njala saa sita.

Februari, baada ya muhula wa kwanza

Mmoja ametoka. Kijana wa kemia, tangu Januari yuko Kasumbalesa, anaandika karatasi za forodha za malori yanayovuka kwenda Zambia. Baba yake aliugua, yeye ni mkubwa wa wadogo sita, na ule mshahara wa mpakani, hata ukiwa mdogo, unalisha nyumba. Pesa yetu ya wiki ilikuwa yake peke yake, haikuwa ya watu wanane. Nimeongea naye kwa simu. Hakuomba kurudi na mimi sikumhubiria. Jina lake tumelibakiza kwenye orodha.

Waliobaki ni wanne. Wawili wamepata krediti zote 30 za muhula. Wawili wana deni, mmoja katika uchambuzi wa hesabu na mwingine katika fizikia. Chini ya mfumo wa LMD, ule wa ngazi tatu za shahada, krediti zilizopatikana hazipotei, kwa hiyo wanaendelea huku wakilipa deni lao. Binti wa Katuba yuko kwenye wale wawili wa kwanza. Yule wa asilimia kubwa, ambaye baadhi ya wachangaji walitaka achukue nafasi ya binti huyo, hatukumwacha. Alikuwa mmoja wa watano tangu mwanzo, na ndiye mwenye deni la uchambuzi. Anakuja Jumamosi mapema kuliko wote. Sitaki mtu asome hapa ushindi wa jaribio letu dhidi ya Exétat. Wanafunzi wanne hawathibitishi kitu. Lakini jaribio tutalirudia.

Machi

Mkutano umepitisha mambo yafuatayo, nami nayaandika kama yalivyo.

Mwaka ujao tunaongeza wanafunzi wawili tu. Kaka wa Brussels alipinga tena, kisha akaahidi kulipia yeye mwenyewe kompyuta moja ya kutumiwa na kundi. Tunamshukuru na tunangoja.

Kutakuwa na akiba ndogo ya dharura ya familia, isiyozidi sehemu ya kumi ya mfuko, kwa mambo kama lile la Januari. Mweka hazina alikuwa na wasiwasi kwamba tutageuka ofisi ya misaada. Tumekubaliana kuwa uamuzi utolewe na watu watatu kwa pamoja, na kwamba tusiulize karatasi za hospitali kwa ukali wa polisi.

Mzee injinia na mimi tutakwenda Kipushi na Ruashi kuongea na wawakilishi wa vitongoji juu ya ile 0.3. Tumeandaa ukurasa mmoja wa Kiswahili, maana barua ya kwanza ya Kifaransa haikusomwa na waliopaswa kuisoma.

Kwa ajili ya baadaye, mama mwalimu ameanza kuwaonyesha fomu za AIMS, ile taasisi ya hesabu iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003 na kufungua kituo Rwanda mwaka 2016, inayotoa ufadhili wa shahada ya uzamili. Ni mapema mno, wana miaka ya kutosha kabla ya hapo. Yeye anasema waanze sasa kujifunza Kiingereza.

Michango ya Machi iliyochelewa ipelekwe kwa mweka hazina kabla ya tarehe 5, kwa kuwa uandikishwaji wa kikao cha mitihani unafungwa wiki hiyo na benki inakuwa na foleni tangu saa moja asubuhi.